Kulinganisha vyuma vya zana katika viwango vya Marekani, Ujerumani, Japani, China na Urusi: mwongozo kamili kwa mafundi wa Unguja na Pemba

Mchonga milango mmoja wa Mji Mkongwe alinitaka nimfulie patasi sita za nakshi, kwa kuwa alikwisha kuchoshwa na patasi za dukani ambazo makali yake yanalala kabla hajamaliza ua moja kwenye mbao ya mfenesi. Nilinunua ubapa wa chuma uliokuja na karatasi iliyoandikwa «D2» juu na «Cr12MoV» chini, kana kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Nikautia katika tanuri la mkaa, nikaupasha mpaka sumaku ikaacha kuushika, nikauzamisha katika mafuta kama nilivyozoea kwa miaka mingi. Ulipopoa nikaujaribu kwa tupa, na tupa ikaula kama inavyokula msumari wa kawaida.

Nilidhani nimeuziwa chuma kibovu. Chuma hakikuwa kibovu. Mimi ndiye niliyekosea, tena mara mbili. Kosa la kwanza ni kuamini kwamba majina mawili yaliyoandikwa kwenye karatasi moja yana maana moja. Kosa la pili ni kukipa chuma cha ukoo mmoja moto wa chuma cha ukoo mwengine. Makosa yote mawili yanatibiwa kwa kazi ile ile, nayo ni kulinganisha vyuma kwa kilichomo ndani yake na kwa namna vinavyopashwa na kupozwa, badala ya kulinganisha majina.

Hatua ya kwanza: tenganisha chuma cha kaboni na chuma cha aloi

Chuma cha zana, ambacho wazee wetu wakikiita pua au feleji, hupata ugumu wake kutokana na kaboni. Chuma cha kaboni tupu kinachofaa kwa zana huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.7 hadi 1.4, pamoja na manganizi na silikoni kidogo tu. Kwa kuwa hakina kitu kingine cha kukisaidia, sharti kipozwe kwa haraka sana ili kiwe kigumu, na ndiyo maana huzamishwa katika maji au maji ya chumvi. Tena hugumuka ganda la nje tu: fimbo nene itakuwa ngumu juu na laini katikati, jambo ambalo kwa nyundo ni faida na kwa zana nyengine ni hasara.

Chuma cha aloi kimeongezewa manganizi, kromi, molibdeni, nikeli, tangsteni au vanadi kwa makusudi. Nyongeza hizo hufanya kazi mbili tofauti, na fundi asizichanganye. Baadhi yake, hasa manganizi, kromi na molibdeni, hukiwezesha chuma kugumuka hata kikipozwa polepole, ndani ya mafuta au hata katika hewa tupu, hivyo hakipindi wala kupasuka kirahisi. Nyengine, hasa tangsteni, vanadi na kromi inapokuwa nyingi, hushikana na kaboni zikafanya chembechembe ngumu mno zinazozuia makali yasiliwe upesi. Aloi haimaanishi ugumu mkubwa zaidi. Chuma cha kaboni kilichozamishwa vizuri kinaweza kufika 65 katika kipimo cha Rockwell C, wakati D2, yenye kromi asilimia 12, kwa kawaida hutumiwa ikiwa kati ya 58 na 61. Kinachotofautiana ni muda ambao makali yatadumu na jinsi yatakavyonolewa, na mchongaji wa nakshi anayenoa kwa jiwe mara kumi kwa siku anaweza kukipenda chuma cha kaboni kuliko hicho cha bei kubwa.

Hatua ya pili: soma jina kwa lugha ya kiwango chake

Majina ya Kimarekani, yaani ya AISI (taasisi ya chuma ya Marekani), ni mepesi kutamka lakini hayakwambii kilichomo. Herufi hutaja namna ya kupozwa au kazi ya chuma: W ni cha maji, O ni cha mafuta, A ni cha hewa, D ni chenye kaboni na kromi nyingi, S ni cha kustahimili kishindo, H ni cha kazi za moto, na M na T ni vyuma vya kasi vya misumeno na keekee za mashine. Namba inayofuata ni ya orodha tu. O2 haina kitu chochote mara mbili ya O1.

Hapo pana mtego ambao majedwali mengi yanauficha. W1 si chuma kimoja, kwa sababu kiwango kinairuhusu iwe na kaboni kuanzia asilimia 0.70 hadi 1.50, na muuzaji makini hutaja kiasi mahususi anachouza. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba W1 ni sawa na SK3 ya Japani amesema nusu ya neno. Lazima umuulize W1 yenye kaboni kiasi gani.

Majina ya Kijerumani, ambayo sasa yameingia katika kiwango cha kimataifa cha ISO 4957, ndiyo ninayoyapenda zaidi, kwa sababu ukijua kanuni zake unaweza kukikokotoa chuma kutoka kwenye jina lenyewe. C105U ni chuma cha kaboni cha zana chenye kaboni asilimia 1.05, na C80U kina 0.80. Chuma cha aloi ndogo huanza na namba ya kaboni iliyozidishwa kwa 100, zikafuata alama za madini, kisha namba ambayo lazima igawanywe: kwa 4 ikiwa ni kromi, manganizi, silikoni, nikeli, kobalti au tangsteni, na kwa 10 ikiwa ni molibdeni au vanadi. Chukua 90MnCrV8. Kaboni ni 0.90, na 8 ni ya madini yanayotajwa mwanzo, yaani manganizi. 8 ikigawanywa kwa 4 unapata asilimia 2. Kromi na vanadi zimo, ila kwa kiasi kidogo ambacho jina halikukitaja.

Jina likianza na X, mambo yanabadilika: hicho ni chuma cha aloi nyingi, na namba za mwisho ni asilimia zenyewe bila ya kugawanya. X153CrMoV12 ina kaboni 1.53 na kromi 12, si 3. Vyuma vya kasi huanza na HS, na namba zake hupangwa kwa utaratibu usiobadilika wa tangsteni, molibdeni, vanadi, na kobalti kama ipo. Hivyo HS6-5-2 ina tangsteni 6, molibdeni 5 na vanadi 2. Pamoja na majina haya, kila chuma kina namba ya tarakimu tano, kama 1.2379 au 1.2510. Ukipata namba hii, iandike kwanza, kwa sababu haina tafsiri mbili.

Wajapani hutumia herufi SK kwa chuma cha zana cha kaboni, SKS na SKD kwa cha aloi, SKT kwa cha kufulia na SKH kwa cha kasi. Majina ya zamani ya SK yalikuwa ya kupanga tu, na kwa kinyume cha unavyotarajia: SK2 ilikuwa na kaboni nyingi kuliko SK5. Majina mapya yameondoa fumbo hilo, kwani SK3 sasa ni SK105, SK4 ni SK95 na SK5 ni SK85, namba ikiwa ni kaboni katika sehemu za mia ya asilimia. Misumeno na randa za Kijapani bado hutajwa kwa majina ya zamani, kwa hiyo inakulazimu kuyajua yote.

China huandika T kwa chuma cha kaboni, ikafuata kaboni katika sehemu za kumi: T8 ni 0.8, T10 ni 1.0, na A mwishoni huonyesha kwamba salfa na fosforasi zimepunguzwa zaidi. Katika vyuma vya aloi, namba ya mbele ni kaboni katika sehemu za kumi, na ikikosekana fahamu kwamba kaboni imefika asilimia 1 au kuzidi. 9CrWMn ina kaboni ya takriban 0.9, Cr12 haina namba ya mbele kwa sababu kaboni yake inazidi 2.

Kiwango cha Kirusi, GOST, kinafuata mantiki iyo hiyo, lakini kinamchanganya fundi kwa sababu ya herufi. Visiwani kwetu jambo hili si la vitabuni, kwani baada ya 1964 Zanzibar ilipokea misaada na mafundi kutoka Urusi ya Kisovieti, Ujerumani Mashariki na China, na majumba ya Michenzani ni ushahidi wake. Si ajabu kukuta katika sanduku la zana la marehemu babu tupa au keekee yenye maandishi ya Kirusi. Herufi У hapo ni U, si Y, nayo husimama badala ya kaboni: У10А ni kaboni 1.0. Herufi Х ni kromi, si X ya Wajerumani. В ni tangsteni, С ni silikoni wala si kaboni, Н ni nikeli, Г ni manganizi, Ф ni vanadi, na Р mwanzoni ni chuma cha kasi. Nimewahi kuoneshwa keekee iliyoandikwa Р6М5 na kuambiwa kuwa ni «P6M5 ya kigeni isiyojulikana», kumbe ni ile ile M2 ya Marekani.

Hatua ya tatu: andika masafa ya kila kiungo upande kwa upande

Sasa chukua karatasi. Tufanye mfano wa chuma cha mafuta kinachofaa kwa patasi, yaani ukoo wa O1, ambao ndio ninaomshauri fundi yeyote aanze nao.

O1 ya Marekani ina kaboni 0.85 hadi 1.00, manganizi 1.00 hadi 1.40, kromi 0.40 hadi 0.70 na tangsteni 0.40 hadi 0.60. SKS3 ya Japani ina kaboni 0.90 hadi 1.00 na manganizi 0.90 hadi 1.20, lakini kromi na tangsteni zake zinaweza kufika 1.00 kila moja. 9CrWMn ya China ina kaboni 0.85 hadi 0.95, manganizi 0.90 hadi 1.20, na kromi na tangsteni 0.50 hadi 0.80. Katika ISO kipo 95MnWCr5, na Wajerumani wana 1.2510 ya siku nyingi. Kirusi ni 9ХВГ. Ukiyatazama masafa haya yanapandana sehemu kubwa, kwa hiyo ukiagiza kimoja ukaletewa kingine, moto na mafuta ni yale yale na patasi itatoka njema. Hao ni ndugu wa baba na mama mmoja.

Je, 90MnCrV8, ambayo baadhi ya wauzaji huipa jina la O1? Hii haina tangsteni, na manganizi yake ni karibu mara mbili. Inalingana na O2. Inazamishwa katika mafuta vilevile, na kwa patasi inafaa, lakini si O1, na anayelipa bei ya O1 ana haki ya kuambiwa.

Turudi kwenye ubapa wangu. D2 ina kaboni 1.40 hadi 1.60, kromi 11 hadi 13, molibdeni 0.70 hadi 1.20, na vanadi inayoweza kufika 1.10. Inalingana na 1.2379 ya Ujerumani na SKD11 ya Japani, na jina lake halisi la Kichina ni Cr12Mo1V1. Cr12MoV ni chuma chengine: kaboni yake ni 1.45 hadi 1.70, molibdeni ni 0.40 hadi 0.60 tu na vanadi ni 0.15 hadi 0.30. Tofauti ya tarakimu mbili, 1 na 1, zilizokosekana katika jina, ndiyo tofauti ya nusu ya molibdeni na sehemu kubwa ya vanadi. Si chuma cha kutupwa, kwani kimetengenezea vifaa vingi vya kukatia bati, lakini makali yake hayadumu kama ya D2. Na usikubali D3, ambayo ni X210Cr12 au SKD1, ipite kwa jina la D2, kwa sababu kaboni yake inazidi asilimia 2 na hupasuka haraka ikipigwa nyundo.

Mfano wa mwisho ni wa ndugu wasiofanana sana. Kwa tindo za kukatia chuma, na kwa chembeu za kalafati zinazopigwa kutwa nzima na mafundi wa majahazi wa Nungwi, kinachotakiwa ni ustahimilivu wa kishindo kuliko makali. Marekani ina S1, na majedwali mengi huipatanisha na 60WCrV8. Soma jina: kaboni 0.60, tangsteni 2. S1 ina kaboni kati ya 0.40 na 0.55, kwa hiyo aliye karibu nayo zaidi ni 50WCrV8, au 5CrW2Si ya China. Kile cha 0.60 kitashika makali zaidi na kuvumilia kishindo kidogo; kwa chembeu, mimi nachagua cha 0.50.

Hatua ya nne: linganisha moto na namna ya kupoza

Hata vyuma vikilingana kwa viungo, usikiwashie moto kabla hujaandika joto lake. Vyuma vya W1, C80U, T10 na У10А hutaka takriban nyuzi 770 hadi 800 za Selsiasi, na hapo sumaku inasaidia kweli, kwa sababu chuma huacha kuvutwa nayo karibu na nyuzi 770. Hupozwa katika maji ya chumvi, na chumvi hiyo huvunja mapovu yanayokifunika chuma na kukizuia kupoa. Maji ya bahari yana chumvi ya takriban asilimia 3.5, kwa hiyo fundi wa pwani akiongeza chumvi ya jikoni kufikia 10 atapata majibu ya sawasawa zaidi.

O1 na ndugu zake hutaka nyuzi 790 hadi 815, ndani ya mafuta. Mafuta ya nazi yanafaa kwa vipande vidogo, na kwa hali yetu ya hewa hayagandi ila mara chache, maana hugandia chini ya nyuzi 24. Yapashe mpaka yawe ya uvuguvugu mkali, tumia chombo cha chuma chenye kifuniko, na usifanye kazi hiyo chini ya paa la makuti.

D2 hutaka nyuzi 1010 hadi 1030, kisha hupozwa kwa hewa. Hapo sumaku haina la kusema: imeacha kuvuta nyuzi 240 nyuma. Ndiyo sababu patasi zangu zilitoka laini. H13, ambayo ni 1.2344, SKD61 na 4Cr5MoSiV1, ni ya moto wa namna hiyo pia, na M2 hutaka karibu 1200, moto usioaminika katika tanuri la mkaa. Vyuma hivi nunua vikiwa vimekwisha kugumuzwa, uviunde kwa jiwe la kunolea.

Baada ya kugumuzwa, kila chuma lazima kipashwe tena kwa moto mdogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Kwa patasi ya O1, jiko la kuokea la umeme kwenye nyuzi 200 kwa saa mbili linatosha. Asiye na jiko atazame rangi juu ya chuma kilichosuguliwa: manjano ya samli ni kama nyuzi 220, na buluu ni karibu 300, ambapo patasi ya kaboni imekwisha kulegea kupita kiasi.

Hatua ya tano: chuma kisicho na jina

Vyuma vingi tunavyofulia havikuja na karatasi. Springi za magari ya Kijapani mara nyingi ni SUP9, na za magari ya Kichina ni 60Si2Mn; zote zina kaboni karibu na 0.6, zinafaa kwa panga, shoka na tezo, na hazifai kwa patasi nyembamba ya nakshi.

Beringi ndiyo hazina. 100Cr6 ya Ujerumani, 52100 ya Marekani, SUJ2 ya Japani, GCr15 ya China na ШХ15 ya Urusi ni pacha kabisa: kaboni 1 na kromi 1.5. Angalia lakini jinsi majina yanavyocheza: Mjerumani ameandika 6 kwa kuwa amezidisha kwa 4, na Mchina na Mrusi wameandika 15 kwa kuwa wamezidisha kwa 10. Anayesoma GCr15 akadhani ni kromi asilimia 15 atafikiri amepata chuma kisichoshika kutu, na msimu mmoja wa chumvi ya Pemba utamfundisha. Hata D2 yenye kromi 12 hushika kutu, kwa sababu sehemu kubwa ya kromi hiyo imefungwa ndani ya zile chembechembe ngumu. Zipake zote mafuta. Beringi kubwa sana zinaweza kuwa za chuma chenye kaboni ndogo kilichogumuzwa ganda tu, hivyo jaribu kwanza.

Kujaribu ni kwa cheche. Gusa jiwe la kunolea linalozunguka: chuma cha kaboni nyingi hutoa cheche nyeupe nyingi zinazopasuka kama fataki, chenye kromi nyingi hutoa fupi za rangi ya chungwa, chuma cha kasi hutoa chache, nyekundu iliyofifia, zisizopasuka. Weka kando vipande vya vyuma unavyovijua na ulinganishe papo hapo, kwani jicho husahau.

Kisha kata kipande kidogo kama kidole, kigumuze kwa moto unaodhani ndio wake, na ukivunje kwa nyundo ukiwa umekifunika kwa kitambaa. Tupa ikiteleza juu yake, na mvunjiko ukiwa wa kijivu laini kama hariri, moto ulikuwa sahihi. Chembe zikimeta kama chumvi ya mawe, umezidisha moto. Tupa ikikila, moto umepungua au chuma si kile ulichodhani. Ukisharidhika, gonga jina la chuma kwenye ncha moja ya ubapa, lipake rangi, na siku zote ukate kutoka ncha ya pili.